Fulana, Merikani na Mfarishi Wangu wa Kwanza

Yapo maneno katika Kiswahili ambayo tumeyavaa muda mrefu hata tumesahau yalikotoka. Fulana ni mojawapo. Mtu wa Tanga au wa Mombasa ukimtajia fulana atafikiri mara moja vazi jepesi la pamba, la kuvalia ndani ya shati au la kuchezea mpira. Kumbe jina hilo ni ndugu wa flannel ya Waingereza na flanela ya Wareno. Nalo neno flannel wataalamu wengi hulinasibisha na gwlanen ya watu wa Wales, yaani kitu cha sufu. Basi jina lilianzia kwa kondoo wa milima ya baridi, likapita katika pamba, likaishia kwa mchukuzi wa bandarini aliyevua shati kwa joto akabaki na fulana. Kitambaa kimebadilika njiani, jina limebaki.

Nimeanza na neno kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa akiyaita mashati yake ya flaneli "fulana", nami nikimcheka kwamba fulana haina vifungo wala kola. Kwa nasaba ya neno, yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Mashati hayo ndiyo niliyoyashona kuwa mfarishi, wa kwanza katika maisha yangu, nilipokuwa na umri wa miaka 61. Mfarishi, kwa ndugu msomaji asiyelijua neno, ni lile tandiko au funiko nene lenye tabaka mbili za kitambaa na kitu laini katikati, zote zikiwa zimeshonwa pamoja zisiachane. Neno hili tunalo pwani tangu zamani, ingawa siku hizi wengi husema blanketi tu. Nilishona wangu katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, ninakoishi tangu mwaka 1997. Nikichanganya habari za nyumbani kwangu na habari za dunia, msomaji aniwie radhi. Vitambaa hivi vimechanganyika hivyo hivyo.

Kwanza tukijue kitambaa chenyewe. Flaneli ni kitambaa kilichofumwa kwa kulegea kidogo, kisha uso wake ukakwanguliwa kwa miiba au meno ya waya hata nyuzi zikatoa malaika, mfano wa yale yaliyo mkononi mwa mtoto. Malaika hayo hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili. Flaneli ya asili ilikuwa ya sufu. Katika karne ya 18 na ya 19 ilifumwa kwa wingi katika Wales ya kati, hasa mji wa Newtown, na kaskazini ya Uingereza katika mji wa Rochdale.

Jina la Rochdale si geni kwa wanaushirika wa Afrika Mashariki. Ni huko ambako tarehe 21 Desemba 1844 watu 28, wengi wao mafundi na baadhi yao wafumaji wa flaneli waliochoshwa na ujira mdogo na maduka ya kupunja, walifungua duka lao wenyewe la unga, siagi, sukari na mishumaa. Taratibu zao za kila mwanachama kura moja, na faida kurudi kwa wanunuzi, zilienea duniani. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, ni tawi la mti huo. Wafumaji wale walikuwa wakiwavisha wengine kitambaa cha joto, na wao wenyewe hawakuwa na uhakika wa chakula cha jioni.

Baadaye katika karne ya 19 ikaja flaneli ya pamba, rahisi kwa bei, ikawa nguo ya watoto wa maskini. Nayo ilikuja na hatari yake. Malaika ya pamba yenye hewa ndani hushika moto upesi kuliko sufu, na nyumba za Uingereza za wakati huo zilikuwa na moto wazi sebuleni. Watoto waliungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanakemia William Henry Perkin, mwana wa yule Perkin aliyegundua rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, alitafuta dawa ya kuchovya kitambaa ili kisiwake. Marekani ilipitisha sheria ya vitambaa vinavyowaka mwaka 1953, na kanuni za nguo za kulalia za watoto zikafuata katika miaka ya 1970. Hadi leo, ukienda duka la vitambaa la Marekani, utakuta jora la flaneli lina maandishi kwamba halikukusudiwa kushonea nguo za kulalia za watoto. Na madaktari wa watoto wa huko wanaonya kwamba mtoto mchanga asiwekewe mfarishi wala blanketi lolote lililo huru kitandani, kwa kuhofia kukosa pumzi. Nayataja haya kwa sababu mfarishi wangu ulikusudiwa mjukuu, naye alikuwa ameshapita umri huo.

Sasa nije kwa mwenye mashati. Mume wangu alikuwa mtu wa Lushoto, juu katika milima ya Usambara, ambako asubuhi ya Julai mtu hutoka nje na ukungu umefika mlangoni. Alijua baridi, lakini si ya Massachusetts. Alifanya kazi ya zamu ya usiku katika bohari moja la bidhaa, na kila kilipoingia kipupwe alinunua shati moja la flaneli la miraba miraba: jekundu na jeusi, kijani na buluu, kahawia na njano. La zamani likichakaa viwiko, nilitia kiraka. Hakutupa hata moja.

Alifariki mwezi Aprili 2020, katika zile wiki ambazo ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga kila mlango. Kaburini tulikuwa watu kumi. Wifi yangu na jamaa wote wa Lushoto walishuhudia mazishi ya ndugu yao katika kioo cha simu, picha ikikatika kila mara. Kwetu, msomaji anajua, baada ya arobaini ukoo hukaa na nguo za marehemu hugawanywa. Koti huenda kwa mdogo wake, shati kwa mpwa, na kwa miaka kadhaa mtu hupita njiani amevaa koti lile, watu wakasema, "Tazama, utafikiri ni marehemu mwenyewe." Huo ndio msiba unavyopozwa. Sisi hatukugawana kitu. Ndege hazikuruka, na ziliporuka nauli haikuwapo. Mashati 11 yakakaa katika sanduku chini ya kitanda zaidi ya miaka mitatu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 binti yangu aliniambia anataka mwanawe, aliyezaliwa mwaka 2021, awe na kitu cha babu yake cha kushika. Jirani akanipeleka katika darasa la bure la kushona lililokuwa likifanyika jioni katika ukumbi wa maktaba. Mwalimu wetu alikuwa bibi mwenye asili ya Kanada ya Kifaransa, ambaye nyanya yake alikuwa mfanyakazi wa viwanda vya Lowell. Alipoyaona mashati alisema ni kitambaa kizuri cha mtu anayeanza, kwa kuwa kimeshafuliwa mara nyingi na hakitajikunja tena.

Habari ilifika Lushoto kabla sijakata hata inchi moja. Wifi akapiga simu.

"Wifi, nasikia unataka kuzikata nguo za kaka."

"Si kwa kuzitupa, wifi. Ni kwa kumshonea mjukuu."

"Sisi kaburi hatukulifikia. Nguo nazo ndizo unazifanya matambara?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba anipe wiki mbili, naye akakubali kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo. Wiki hizo mbili ndizo zilizonifundisha historia ambayo nilikuwa nimeishi juu yake miaka 26 bila kuitazama.

Mji wa Lowell uliwekwa pale kwa ajili ya kitambaa. Matajiri wa Boston waliona maporomoko ya mto Merrimack yanaweza kuendesha mitambo, na mwaka 1823 kampuni ya Merrimack ikaanza kufuma na kuchapa nguo za pamba. Waliofuma walikuwa wasichana wa mashambani, wakifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Walipopunguziwa mishahara mwaka 1834, na tena walipoongezewa gharama za bweni mwaka 1836, waligoma. Jengo la kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, siku hizi ni makumbusho. Nilipoingia katika chumba chake cha mashine za kufumia, chache tu zilikuwa zikienda, na hata hivyo sikuweza kumsikia mtu aliyesimama karibu nami.

Katika mji huo huo lipo jumba la makumbusho ya mifarishi ya New England, tangu mwaka 1987. Kabla ya kwenda huko niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mfarishi wa viraka ni mtoto wa shida tangu mwanzo. Si hivyo kabisa. Zamani kitambaa kilipokuwa ghali, watu wengi hawakuwa na vipande vya kuchezea; nguo ilivaliwa hadi uzi wa mwisho. Ni viwanda kama vya Lowell, vilivyoshusha bei ya vitambaa vilivyochapwa, ndivyo vilivyowapa wanawake wa kawaida vipande vya rangi nyingi vya kupanga. Maskini waliokuja kushona kwa matambara matupu walikuwa mwisho wa mnyororo huo. Na mwanzo wa mnyororo vilevile walikuwa maskini, tena wasio huru: pamba iliyoingia Lowell ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Sehemu ya kitambaa kigumu kilichotoka Lowell ilirudishwa kusini kuwavisha watumwa wale wale, nao wakakiita kwa jina la mji, "lowell".

Hapo ndipo nilipokumbuka neno jingine tulilolivaa: merikani. Bibi zetu waliita merikani kile kitambaa cheupe kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Mwaka 1833 Mmarekani Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kukaa Unguja. Salem ni mji wa Massachusetts, si mbali na ninapoishi. Merikebu zake zilileta merikani, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Pembe nyingine ziliishia katika jimbo jirani la Connecticut kuwa vibao vya piano. Merikani ikapanda na misafara hadi Unyanyembe na Ujiji, na huko bara ikawa kama fedha: kwa mikono kadhaa ya merikani ulipata chakula, ulilipa hongo kwa mtemi, ulinunua pembe. Biashara hiyo ilivunjika Marekani ilipopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, pamba ilipokosekana viwandani; nguo za Bombay na za Uingereza zikachukua nafasi. Jina merikani halikuondoka.

Unguja nako, merikani ilikuwa vazi la watumwa. Waliifunga kiunoni au kifuani kama ilivyo, na kaniki iliyotiwa nili ikawa sare ya wanawake wa kazi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliikimbia merikani na kaniki wakakimbilia kanga za rangi. Na kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa pwani, ilianza na wanawake walionunua leso zilizochapwa kwa mfululizo, wakakata vipande na kuviunga, vitatu juu na vitatu chini, kupata upande mmoja mpana. Hivyo kuunga vipande si jambo la kujifunza Marekani. Ni kwamba sisi tuliliacha mara viwanda vilipoanza kutuchapia upande mzima.

Nilipofika hapo nilikaa kimya muda. Kumbe mtumwa wa Alabama na mtumwa wa Unguja walivishwa pamba ya chanzo kimoja, iliyofumwa katika jimbo moja, na mimi nilikuwa nimeketi na sanduku la mashati katika mji mmojawapo uliofuma. Lakini jibu la wifi nilikuwa sijalipata. Lilitoka kwa mwanamke mmoja wa Alabama.

Katika jimbo hilo, ndani ya pindo la mto Alabama, kipo kijiji cha Gee's Bend. Wakazi wake wengi ni wa ukoo wa Pettway, na jina hilo ni la mwenye shamba aliyewahamisha mababu zao kutoka North Carolina katika miaka ya 1840, watumwa wakitembea kwa miguu. Baada ya uhuru walibaki wakilima pamba kwa kugawana mavuno na wenye ardhi. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na mifarishi ilishonwa kwa wingi ili watoto wasife kwa baridi. Kitambaa chake kilikuwa nguo za shambani zilizokwisha kazi.

Mwaka 1942 mama mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alikuwa mjane mpya. Alichukua nguo za kazi za marehemu mumewe, akazikata, na kwa msaada wa binti yake Arlonzia akazishona kuwa mfarishi. Miaka mingi baadaye binti alisimulia jinsi mama yake alivyonuia: alitaka mfarishi wa kumkumbuka mumewe na wa kujifunika. Nimeona picha ya mfarishi huo. Ni mapande makubwa ya buluu iliyopauka, kijivu na kahawia, na bado unaona mahali goti lilipoinamia udongo. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na wataalamu wakaistaajabia. Lakini kabla ya wataalamu, kijiji kilikuwa kimekwisha kupita katika moto mwingine. Mwaka 1962, wakati watu weusi wa eneo hilo walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko cha kuwavusha kwenda makao ya wilaya kilisimamishwa, na huduma hiyo haikurudi mpaka mwaka 2006. Mwaka 1966 akina mama wa wilaya hiyo waliunda ushirika wao wa kushona mifarishi, Freedom Quilting Bee, wakauza kazi zao hadi New York. Niliposoma neno ushirika nikawakumbuka wale wafumaji wa flaneli wa Rochdale.

Mjane yule wa mwaka 1942 alinionyesha kwamba nilikuwa nikiuliza swali lisilo lenyewe. Mimi na wifi tulikuwa tukibishana kama nguo zikatwe au zisikatwe. Lakini desturi yetu ya kugawa nguo haikatazi mkono kuligusa shati. Inakataza mtu mmoja kukaa nalo peke yake. Mashati 11 yakigawanywa mazima, mmoja angepata jekundu na mwingine angepata kijani. Yakikatwa, kila fungu lingepata yote.

Nikampigia wifi. Nikamwambia, "Nitashona mifarishi mitatu. Kila mmoja utakuwa na vipande vya kila shati. Mmoja wa mjukuu, mmoja wa kijana wangu aliye masomoni, na mmoja ni wa Lushoto. Huo si zawadi, ni fungu lenu."

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Na lile jekundu, alilovaa katika ile picha ya theluji, limo?"

"Limo. Vipande vinne."

"Basi kata," akasema. Hakuongeza neno.

Kazi yenyewe naieleza kwa yeyote atakayependa kujaribu, maana flaneli ina tabia zake. Hufumuka upesi na huvutika ikikatwa mshazari. Mwalimu alituchagulia aina ya mfarishi inayougeuza udhaifu huo kuwa faida: mishono huachwa nje, ncha zake zikichanjwa na kufuliwa hufumuka na kuwa kama mashada laini. Kitambaa kipya cha upande wa chini, yadi 7, nilikifua kwa maji ya moto na kukikausha kabla ya kukata, kwa kuwa flaneli mpya hurudi. Mashati nilitoa kola, vikofi na vifungo, nikafumua mishono ya ubavuni na ya mikono, nikapiga pasi kwa kubonyeza bila kuvuta. Kila shati lilinipa vipande 12 vya inchi 8 kwa 8, jumla 132. Mfarishi mmoja ulihitaji 42, yaani safu 7 za vipande 6.

Kila kipande cha shati kilipata kipande cha chini cha kipimo hicho hicho, migongo ikitazamana, na katikati kipande cha blanketi jembamba la pamba la inchi 5 na nusu, kidogo zaidi ili kisinaswe na mshono. Nilishona kila kimoja alama ya msalaba toka pembe hadi pembe. Kisha nikaviunga kwa mshono wa inchi 1, ncha zikitokeza juu. Sindano ilikuwa nene, namba 16, na hatua za mshono ndefu kuliko za kanga. Mahali vipande vinne vinapokutana kitambaa huwa kinene mno, kwa hiyo nililaza ncha moja huku na nyingine kule, nikazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Mwisho nilichanja ncha zote kwa mkasi kila robo inchi, nikiuacha uzi wa mshono salama. Vidole viliuma siku nne. Kufua nilikwenda katika nyumba ya mashine za kulipia, nikafungua kichujio mara kwa mara, maana nyuzi zinazotoka zingeziba mashine ya nyumbani.

Vumbi la nyuzi ndilo sikulitazamia kunigusa. Lilijaa mezani, kwenye nywele, kwenye chai. Nikawafikiria wasichana wa Lowell, ambao madirisha yao yalifungwa ili hewa iwe na unyevu na uzi usikatike, wakivuta vumbi hilo kutwa. Lipo jina la ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la pamba, na ni mwaka 1978 tu ambapo serikali ya Marekani iliweka kiwango cha kuwalinda wafanyakazi nalo. Miaka 155 baada ya mashine za kwanza za Lowell. Mimi nilifungua dirisha, ingawa nje kulikuwa na theluji.

Mashati matatu yalikuwa na mifuko ambayo haikuchakaa. Niliiacha ilivyo, mfuko mmoja katika kila mfarishi. Mjukuu aliugundua wake siku ya kwanza, akautia biskuti.

Vilibaki vipande 6. Hivyo ndivyo fungu langu. Nikaviunga viwili kwa vitatu vikawa foronya ya mto mdogo, na kichwa changu kinalala hapo.

Mfarishi wa Lushoto ulibebwa na msafiri mwezi Juni 2024, ukafika wakati wa baridi ya huko. Wifi alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema baba mdogo wa marehemu, mzee asiyeona vizuri, aliupapasa kipande kwa kipande akiuliza hili lilikuwa shati la kazi au la kutembelea, naye alijibu kwa kukisia. Alisema wamekubaliana ukae nyumba kubwa, na mgeni wa ukoo akija ndio ajifunike. Kisha akasema lipo sanduku la vitenge vya marehemu mama yao, ambavyo wakwe walishindwa kugawana bila ugomvi tangu mwaka 2011, na kwamba anataka vipimo.

Nikampelekea. Nilimweleza kwamba kitenge hakifumuki kwa uzuri kama flaneli, hivyo mishono aifiche ndani: vipande vya inchi 6 na nusu, mshono robo inchi kila upande, na avihesabu vyote kabla ya kukata ili kila nyumba ipate sawa.